Udongo Alioushusha Yunis

Watu wa Kwemsambia walimjua Yunis kwa harufu kabla ya kumjua kwa jina, na mwenyewe hakuona ubaya wowote katika hilo. Alinuka ng'ombe, moshi na samadi. Hata Jumapili, akiwa amejifunga khanga mpya kwenda kanisani, wanawake waliokaa naye benchi moja walipeana macho pembeni. "Niacheni ninuke," aliwaambia siku moja. "Mkiishiwa ndizi mnakuja kwangu mkiwa mmeziba pua?" Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini hayo machache aliyokuwa nayo yalikuwa na miiba.

Alizaliwa upande wa Kwai, enzi za Waingereza, baba yake akiwa mkamuaji kwenye shamba la mzungu. Aliolewa angali msichana na Abrahamu, mpasua mbao, mtu mrefu mpole aliyekuwa na kipande kimoja tu cha ardhi ya urithi. Kilikuwa mteremko ulio chini kidogo ya kilele cha mlima, umesimama wima kiasi kwamba kiazi kikikuponyoka mkononi unakifuata mpaka kijitoni. Udongo wake ulikuwa mwekundu na umechoka, mvua za masika zilikwisha kuuvua kila kitu chema. Kaka zake Abrahamu walimgawia kipande hicho kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Tuseme ukweli, walimpunja.

Aliyewainua wale maharusi alikuwa Mbaraka, mlima mboga wa bondeni, Mwislamu, rafiki wa Abrahamu tangu wakiwa watoto wa kuwinga ndege mashambani. Mbaraka alikuwa na ng'ombe wengi kuliko majani aliyoweza kuwakatia, akawapa mtamba mmoja wamfuge. Kufugiana ng'ombe ni desturi iliyokuwapo milimani kabla ya msikiti na kabla ya kanisa, na kila mtu aliijua bila kufundishwa. Ng'ombe hubaki wa mwenyewe. Ndama hugawanywa kwa zamu. Maziwa na samadi ni vya yule anayemkatia majani. Habari ya ndama watu waligombana mpaka wakafikishana barazani, lakini habari ya samadi hakuna aliyewahi kugombana. Ilikuwa ya mkata majani, basi.

Mtamba yule alikuwa mweusi mwenye shingo nyeupe, wakamwita Kunguru. Alilala ndani ya nyumba, nyuma ya kiambaza cha fito, kama ng'ombe wote wa milimani walivyolala siku hizo, na joto lake liliwafaa wakati wa ukungu. Mkojo wake ulipita katika mfereji mdogo uliochimbwa chini ya ukuta ukaenda moja kwa moja kwenye migomba. Mavi yalichanganywa na majani aliyoyalalia na majivu ya jikoni, yakarundikwa nyuma ya nyumba, yakafunikwa kwa majani ya mgomba yasikaushwe na jua wala kuoshwa na mvua.

Hapo ndipo Yunis alipowapita wenzake. Wengi waliitupa samadi pale mkono ulipofika, karibu na mlango, hata migomba ya mlangoni ikanenepa na mahindi ya mbali yakabaki kama vijiti. Yunis aliugawa mteremko wote vitalu, akapanda masale, ile mimea ya kuwekea mipaka, baina yake, akakipa kila kitalu zamu yake. Samadi mbichi, aliyoiita kali, ilikwenda kwenye migomba peke yake. Iliyolala ikawa nyeusi na laini ilikwenda kwenye maharage na mahindi, nayo haikumwagwa juu juu bali ilifukiwa kwenye mashimo kabla mvua hazijashika, maana masika yakiikuta juu yanaipeleka mtoni. Kazi ilipokwisha alikata tawi la isale akalichomeka mahali alipoishia, ili mwaka unaofuata ajue pa kuanzia. Abrahamu alikaa kwenye gogo lake akamtazama na kucheka.

"Mke wangu analisha mlima," alimwambia Mbaraka.

"Muache alishe," Mbaraka alimjibu. "Mimi nitakuja kula."

Na kweli alikuja kula. Mwaka hata mwaka ule mteremko uliotupwa ukageuka rangi, kutoka juu kwenda chini, kitalu baada ya kitalu. Wapita njia walisimama kuutazama.

Abrahamu alikufa mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Gogo alilokuwa akilichana msituni liliteleza kwenye matengo, lile jukwaa la kuchania mbao, likamlalia kifuani, wakamleta nyumbani kwenye machela ya matawi akiwa amekwisha kukata roho. Alizikwa migombani, kama desturi, na Yunis akapanda mgomba mmoja miguuni pa kaburi. Ndugu za mume walidhani atarudi kwao Kwai na kuwaachia shamba, ambalo sasa, ajabu, kila mmoja wao alilitaka. Hakurudi. Alikuwa na mtoto wa kiume, Nathanaeli, na alikuwa na Kunguru. Asubuhi alikata majani, mchana alilima, jioni alikama. Alipofikia mgomba wa Abrahamu alimwaga samadi kwa mkono badala ya jembe, polepole, akimpa habari za nyumbani.

Nathanaeli alikua kwa maziwa ya Kunguru, kisha ya binti ya Kunguru, kisha ya mjukuu wake. Wote hao waliitwa Kunguru hata kama walikuwa wekundu, maana Yunis hakuona haja ya kutafuta jina jingine. Kijana alisoma, akaoa Marta, binti mwenye adabu na mikono ya kazi, akaingia katika TANU kwa moyo wote. Azimio lilipotangazwa alilisoma kwa sauti barazani mpaka akapwelewa sauti. Hakuwa mnafiki, na hili lazima lisemwe mapema, kwa sababu yatakayofuata yanaweza kumfanya mtu amdhanie vibaya. Alikuwa amewaona watoto wa nyumba zisizo na ng'ombe wakinywa uji wa maji matupu, akaapa kwamba akipata nafasi watakunywa maziwa.

Nafasi ilikuja. Vijiji vilipoandikishwa watu walimchagua mwenyekiti, na jambo la kwanza alilolisimamia lilikuwa banda la ng'ombe la ujamaa. Ng'ombe wote wa Kwemsambia wangekaa pamoja, wapate dume la kisasa na dawa ya kupe, na maziwa yagawiwe kuanzia watoto. Banda lilijengwa bondeni, kando ya barabara, karibu na maji, jirani na shamba jipya la kijiji. Kila mtu alipasifu. Gari lingefika, maji yalikuwapo, mahali palikuwa tambarare. Wanaume waliopachagua walipatazama kwa macho ya watu wanaoshuka na kupanda mikono mitupu, kwa sababu kwa desturi ya kwao hakuna mwanaume anayebeba mzigo wa majani wala tenga la samadi kichwani. Hizo zilikuwa kazi za wanawake, na wanawake hawakuulizwa.

Nathanaeli alikuja mwenyewe kumchukua Kunguru.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumtoa."

"Nimekuja mimi asije mtu mwingine. Mzee Mbaraka amekubali, ng'ombe wake wote amewatoa kwa kijiji."

"Ng'ombe ni wake, ana haki." Yunis alikuwa akimfungua Kunguru kamba. "Na samadi?"

"Itakwenda shamba la kijiji. Kisha mavuno tutagawana wote."

"Mavuno yatapanda mlima kwa miguu ya watu. Samadi itapandaje?"

Nathanaeli alitazama chini. "Tutaona, mama. Mambo ni hatua kwa hatua."

Yunis alimkabidhi kamba. Alisimama mlangoni mpaka mkia wa ng'ombe ulipopotea kwenye kona ya miti ya miwati, kisha akaingia ndani, akakaa upande wa zizi, akalia. Tangu aolewe hakuwahi kulala katika nyumba isiyo na ng'ombe.

Watoto walipata maziwa, na hilo lilimpa faraja. Lakini ng'ombe wa bondeni walikula majani ya mlimani. Kila asubuhi wanawake walikata majani kwenye kingo za mashamba yao, wakajitwika mizigo mikubwa kuliko wao, wakashuka nayo mpaka bandani, wakapanda tena bila kitu. Huko chini rundo la samadi lilikua likawa kilima. Shamba la kijiji lilishibishwa samadi mpaka mahindi yake yakawa meusi kwa afya. Kilichozidi kilisombwa na mvua, kikaingia kwenye kijito, na maji yakawa na povu la kahawia.

Huku juu mabadiliko yalianza pole pole. Majani ya migomba ya mbali yalipata ukingo wa njano. Mikungu ilitoka midogo, vidole vyake vyembamba, kisha upepo wa kawaida tu ukaanza kuangusha migomba iliyokuwa ikistahimili dhoruba. Baada ya masika ya pili Yunis aliingiza mkono katika kitalu kilichopaswa kupata zamu mwaka ule, akatoa udongo, akaufikicha. Ulikuwa umeanza kuwa mwekundu tena. Aliogopa kama alivyoogopa siku ile ya machela. Shamba lile ndilo lililomlisha mwanawe, ndilo lililokuwa likiwalisha wajukuu, na ndani yake alilala Abrahamu. Likifa mbele ya macho yake, angekuwa ameishi kwa ajili gani?

Alipiga moyo konde. Kesho yake alishusha mzigo wa majani bandani kama wengine, akaupokeza, kisha akachukua tenga alilokuja nalo, akalijaza samadi, akaweka kata yake ya majani makavu ya mgomba kichwani, akajitwika, akapanda kwenda kuifukia miguuni pa kaburi la Abrahamu. Hakuvizia wala hakufunika tenga. Hassani, mlinzi wa banda, alimwona, akafungua mdomo, kisha akakumbuka huyo ni mama wa nani, akaufunga. Keshokutwa yake alifanya vile vile, ikawa ndiyo kawaida yake. Njia ya kupanda ilimtoa jasho la meno, maana alikwisha kuwa bibi, lakini mgomba wa Abrahamu ulitoa jani jipya lililonyooka, la kijani kibichi, na hilo lilimtosha.

"Mama, watu wanasema," Marta alimwonya.

"Wanasema nini?"

"Kwamba ni mali ya kijiji."

"Majani niliyoshusha ni mali ya nani?"

 Moyoni Marta aliona mkwewe ana haki, lakini alikuwa mke wa mwenyekiti na alilala na hofu yake.

Maneno yalifika mkutanoni. Aliyeyaleta alikuwa Sefania, balozi wa nyumba kumi za upande wa juu, mtu mkali lakini si mchongezi. Alisimama mbele ya kijiji kizima, kofia mkononi.

"Ndugu Mwenyekiti, nasema bila kumwogopa mtu. Migomba ya nyumbani kwangu inakufa. Mke wangu anashusha majani kila siku na kurudi mikono mitupu, kwa sababu tulikubaliana hapa hapa. Mama yako anarudi na tenga limejaa. Je, sheria ya kijiji ina watu wake?"

Kulizuka minong'ono. Nathanaeli alikuwa amekaa kwenye meza ya shule, uso umemkauka. Alisema mama yake aseme.

Yunis alisimama. "Samadi ni ya mkata majani. Sikuiba. Nimechukua iliyotoka kwenye majani yangu, na mke wa Sefania angekuja tungepanda wote. Mzee Mbaraka yupo, mwulizeni."

Mbaraka alikuwa mzee sasa, akitembea kwa mkongojo. Aliinuka kwa shida. "Mimi nilitoa ng'ombe," alisema. "Nikawatoa kwa moyo safi. Lakini samadi sikuitoa, kwa sababu haikuwa yangu. Nisichokuwa nacho ningekitoaje?"

Yalikuwa maneno mazito, na watu wengi, hasa wanawake waliokaa nyuma, waliguna kuyakubali. Kama yangetoka siku nyingine, kwa ajili ya mtu mwingine, huenda mambo yangekwisha hapo. Lakini Nathanaeli hakuwasikia wanawake wa nyuma. Alisikia swali la Sefania tu, lile la sheria na watu wake, likimlia masikioni. Alikuwa amewahukumu wengine. Alikuwa amemnyang'anya baba yake mdogo ndama aliyefichwa. Akimwachia mama yake, kesho angewatazamaje?

"Ng'ombe akishakuwa wa kijiji, na kinachotoka kwake ni cha kijiji," alisema. "Aliyechukua samadi bila idhini airudishe. Mama, utarudisha ulichochukua. Tenga kwa tenga."

 Hata Sefania aliinamisha kichwa, maana alitaka sheria moja kwa wote, hakutaka hivi. 

"Nimesikia, Mwenyekiti," Yunis alisema.

Tangu siku hiyo hakumwita tena mwanangu. Alimwita Mwenyekiti uani, alimwita Mwenyekiti akimpa chakula, bila hasira yoyote usoni, na kila alipoitwa hivyo Nathanaeli aliona kijiko kizito.

Siku iliyofuata mwenyekiti alitakiwa Lushoto mjini kwenye semina ya viongozi wa vijiji. Huku nyuma Yunis alianza kutii. Samadi aliyoambiwa airudishe haikuwapo tena. Alikuwa ameshaifukia, nayo ilishaliwa na ardhi. Mtu mwingine angecheka, angewaambia waje waichukue wenyewe. Yunis alichukua jembe, akaenda pale alipokuwa ameiweka, miguuni pa kaburi la Abrahamu, akaanza kuchimba. Udongo wa hapo ulikuwa mweusi, laini, umejaa nyungunyungu na vizizi vyeupe, kazi ya mikono yake tangu ujana wake. Alijaza tenga. Aliweka kata, akajitwika, akashuka.

Hassani alipomwona akimwaga udongo kando ya banda alidhani bibi amepotewa na akili.

"Nini hiki, bibi?"

"Samadi ya kijiji. Nimeambiwa tenga kwa tenga. Simama ushuhudie."

Hassani alisimama kwa kuwa hakujua la kufanya. Siku ya pili aligeuza uso. Siku iliyofuata alimsihi, akasema yeye atasema limetosha, hakuna atakayejua. Yunis alimjibu kwamba mwenyekiti atajua, kwa sababu yeye mwenyewe atamwambia. Akapanda, akachimba, akashuka. Wanawake waliokuwa wakishusha majani walimpisha njiani, wakaacha nyimbo walizozoea kuimba. Marta alilia, akamshika tenga, akamwomba achimbe kwingine, kwenye mahindi, kokote.

"Sikuiweka kwingine," Yunis alimwambia. "Niliiweka hapa."

Nathanaeli alirudi saa za asubuhi, amevaa viatu vyake vya mjini, begi mkononi. Alikuwa akipanda, na kwenye kona ya miwati alimkuta mama yake akishuka. Tenga lilikuwa limemwinamisha, shingo imetoka mishipa. Alipisha pembeni kwa heshima, akaamkia, kisha akaona kilicho ndani.

"Umebeba nini, mama?"

"Samadi ya kijiji, Mwenyekiti."

"Huu ni udongo."

"Samadi ikikaa ndivyo inavyokuwa."

Aliutazama ule udongo. Kizizi cha mgomba kilining'inia ukingoni mwa tenga, kimekatwa karibuni, kikitoa maji. Hakuna mahali pengine mlimani palipokuwa na udongo mweusi namna ile. 

"Umechimba wapi?"

 Yunis alimtazama tu, na katika macho yale hapakuwa na kisasi. Kulikuwa na uchovu mkubwa wa mtu aliyetii.

Nathanaeli aliweka begi chini kwenye matope. Alinyanyua tenga kutoka kichwani kwa mama yake akalipandisha kwenye kichwa chake mwenyewe, na kwa kuwa hakuwahi kubeba, lilimyumbisha na udongo ukamwagikia shati. Hapo Yunis alivua kata yake, akamshika mwanawe bega akamwinamisha, akaisukuma chini ya tenga mpaka ikakaa sawa.

"Shingo yako haijazoea, Mwenyekiti," alisema.

Walipanda hivyo, mwanaume mbele na tenga kichwani, mama nyuma na begi. Waliokuwa mashambani waliacha majembe wakatazama. Wapo waliocheka, na jina la Mbeba Tenga lilimwandama Nathanaeli maisha yake yote. Alipofika migombani aliona shimo. Lilikuwa refu kama mtu, limekula miguu yote ya kaburi, na mgomba wa baba yake ulikuwa umelala ubavu, mizizi juu. Alipiga magoti akamwaga ule udongo shimoni. Haukufunika hata sakafu. Alikaa pale pale akalia kama mtoto, na mama yake alisimama karibu naye bila kumgusa.

Katika mkutano uliofuata alisema waziwazi kwamba hukumu yake ilikuwa mbaya. Alisema mlima hauwezi kulishwa kwa kushusha tu. Wakakubaliana kwamba anayeshusha majani apandishe samadi, nyumba kwa nyumba kwa zamu, na shamba la kijiji lipate inayobaki, na rundo lifunikwe lisiende mtoni. Sefania alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Wanawake waliuliza kama zamu hiyo ya kupandisha ni yao peke yao, na kwa mara ya kwanza swali la namna hiyo halikuchekwa.

Jambo moja lilibaki. Nathanaeli alitaka ule udongo ulioshushwa urudishwe. Hassani hakuwa ameutawanya, aliuacha rundo pembeni ya banda, na hakuna aliyethubutu kutia jembe. Yunis alikataa.

"Ulisema nirudishe, nimerudisha," alisema. "Neno lako lilisikiwa na watu wote. Ukilichezea leo, kesho nani atakusikiliza? Nipe samadi ya siku hizi, inanitosha."

Hakukuwa na njia ya kumpita. Samadi ilipanda, vitalu vikaanza tena zamu zao, majani ya njano yakapungua. Lakini lile shimo halikujaa. Kila walichotia kilizama, na nyasi ziliota juu ya rundo kule chini. Nathanaeli alilipita rundo hilo kila siku akienda kukagua ng'ombe, na kila siku lilimchoma.

Kipupwe cha mwaka ule kilikuwa kikali. Ukungu ulikaa mlimani siku nyingi bila kuondoka, na Yunis akaanza kukohoa. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi shambani mapema mno, akaanguka tena. Mwishoni alimtaka Nathanaeli aje karibu. Mwana aliinama akitegemea kuusikia msamaha, maana alikuwa amejiandaa kuuomba tangu siku ya njiani na kila alipofungua mdomo maneno yalikwama.

"Mwanangu," Yunis alisema, na kwa neno hilo moja Nathanaeli akamshika mkono. "Mwaka huu zamu ni ya kitalu cha chini ya mparachichi. Usiwaache wakapeleka samadi mlangoni." Kisha akafumba macho kupumzika, na alfajiri hakuamka.

Walimchimbia kaburi migombani, miguuni pa Abrahamu, hapakuwa na mahali pengine. Wachimbaji walimaliza mapema wakasimama wakitazamana. Kazi ilikuwa nyepesi, mmoja wao alisema kwa sauti ya chini, mwenyewe alikuwa ameshaianza. Mwinjilisti aliongoza sala, wakamteremsha, wakarudisha udongo mwekundu waliokuwa wameutoa. Haukutosha. Ulisawazishwa, ukakanyagwa, na bado kaburi lilikuwa limebonyea, chini ya kiwango cha ardhi iliyolizunguka.

Mtu alipendekeza wachimbe pembeni. Nathanaeli alikataa. Alikwenda kwenye ukuta wa nyumba, akachukua tenga la mama yake na kata yake, akaanza kushuka mlima peke yake. Mbaraka alimtazama akienda, akajua anakokwenda. Aliinua mkongojo akawanyooshea vijana.

"Mnangoja nini? Nendeni. Udongo uko kule chini."

Wakaenda. Sefania alikwenda, Hassani alikwenda, na wale waliocheka siku ya tenga nao walikwenda, wanaume peke yao, na matenga ya wake zao vichwani, wengine na ndoo, wengine na magunia begani. Wanawake walibaki juu wakiwatazama wakipanda katika ukungu, wakiyumba, wakisimama kupumua pale pale ambapo wao walizoea kusimama. Mwinjilisti alifunga kitabu akangoja. Mmoja mmoja walimwaga ule udongo mweusi juu ya mwekundu, na nyasi zilizoota juu yake zikaanguka nao, mpaka kaburi likajaa, likainuka.

Nathanaeli alimwaga tenga la mwisho. Alipangusa mikono kwenye suruali, akaenda mpakani, akakata tawi la isale, akalichomeka mahali udongo ulipoishia.